Spesi ni Nafasi

Najua kwamba spesi kwa Kiswahili ni anga. Nimeambiwa. Nimesahihishwa na watu waliosoma, na wengine ambao hawakusoma sana ila wana kamusi nyumbani. Wote nawapa jibu moja: kwetu Kaloleni spesi ni nafasi, na asiyetaka akaangalie vipindi vyake kwao.

Nieleze basi, maana nisipoeleza mtaniona nina wazimu.

Baba yangu alifanya kazi ya reli. Alikuwa yule mtu anayevuta chuma kizito kando ya njia ili garimoshi lipite reli hii badala ya ile. Tulikaa Kaloleni, nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, chumba kimoja sisi watatu: baba, kaka yangu mkubwa na mimi. Mama alikuwa nyumbani magharibi akilima, na tulimwona Desemba. Sitaji chumba kimoja ili nihurumiwe. Kilikuwa chumba safi, na aliyekisugua sakafu ni mimi.

Ukumbi wa mtaa ulikuwa na televisheni moja, ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Kila Jumamosi jioni, jua likiwa bado lipo, mlinzi wa ukumbi alilifungua. Nilikuwa na miaka saba au minane kipindi kile kilipoanza. Kilikuwa cha watu saba waliopanda chombo wakaiacha dunia, wakawa wanazunguka kati ya nyota, kila Jumamosi nyota nyingine. Jina lake la Kiingereza silitaji kwa sababu hakuna mtu mtaani aliyelitumia. Sisi tulikiita Nafasi.

Ilikuwa hivi. Kiingereza cha kile kipindi kilikuwa cha puani, na ukumbini walijaa watu wa viwandani, vibarua, na akina mama wa sokoni ambao Kiingereza chao kilianzia kwa gudimoningi na kuishia hapo hapo. Siku ya kwanza watu walikaa wakatazama midomo ikicheza. Baba, ambaye Kiingereza chake alikiokota kazini na kukimalizia kwenye magazeti yaliyofungia nyama, akavumilia kidogo, kisha akainuka kwenye benchi. Akaenda mbele, akaweka mkono juu ya sanduku la mbao, akaanza kutafsiri. Hakuna aliyemwomba.

Sasa nahodha wa kile chombo alikuwa amesema neno spesi, na hilo neno baba alilijua vizuri kuliko yote. Kule kwenye reli, behewa likijaa mizigo, karani aliandika ubavuni kwa chaki kwamba hakuna spesi, yaani hakuna nafasi, na baba akajua asilifungue. Alikuwa amesoma maandishi hayo miaka kumi na moja. Kwa hiyo hakusita hata kidogo. "Watu hawa," akasema, "wameondoka kwao kwenda kutafuta nafasi."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Hebu fikirieni ni nani aliyekuwa amekaa pale. Kila mtu mzima katika yale mabenchi alikuwa ameondoka kwao kuja kutafuta nafasi: nafasi ya kazi, nafasi ya mtoto shuleni, nafasi ya kutandika godoro kwa binamu hadi mwisho wa mwezi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi mlangoni pa ukumbi aliweka beseni lake chini, akaingia ndani, akakaa. "Kumbe ni sisi," akasema. Tangu siku hiyo hakukosa hata Jumamosi moja.

Baba akawa mkalimani wa mtaa. Chombo kikitua mahali pa barafu, alisema nafasi ya leo ina baridi kali. Wakikutana na viumbe wenye macho matatu wanaowafukuza, alisema wenye nafasi hii hawataki wageni, na ukumbi uliguna, maana hao wenye nafasi tuliwajua. Watu walianza kusalimiana hivyo. "Nafasi ipo?" "Ipo." Hata watoto. Hata leo nikikutana na mtu wa rika langu aliyekulia kule, hatuna haja ya kuulizana niaje.

Halafu ikaja Jumamosi ya mwisho. Chombo kimeharibika, wenzake sita wamelazwa usingizi wa dawa, nahodha amebaki peke yake mbele ya kioo kikubwa. Nje hakuna nyota hata moja. Anashika kipaza sauti, anasema maneno machache polepole kwa dunia iliyo mbali, picha inazimika, na kipindi kinaishia hapo. Baba alisikiliza huku ameinamisha kichwa. Akatugeukia, akatutazama benchi kwa benchi.

"Anasema nafasi ziko wazi," akasema. "Anawaambia waliobaki nyumbani, nafasi ziko wazi, njooni."

Watu walipiga makofi hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Wanaume waliokuwa wakisimama kwenye mageti ya viwanda kila asubuhi na kuambiwa kesho, walisimama juu ya mabenchi. Mama wa maandazi alipiga vigelegele. Kaka yangu na mimi tulirudi nyumbani tumeshikana mikono. Kaka alikuwa na miaka kumi na mbili, na alilia kwa furaha, ingawa ukimuuliza leo atakataa.

Miaka ikaenda. Tulipofika miaka ya tisini, kaka alikuwa ameshasoma akamaliza, ana kazi ya benki, ana nyumba Buru Buru na televisheni ya rangi na deki ya video. Mimi nilikuwa nikishona makoti ya mvua kiwandani na kupanga chumba mtaa wa Tena. Siku moja nikitoka kazini niliingia duka la kukodisha kanda za video, la Msomali mmoja mpole ambaye kila mara alikuwa akijaribu kanda kwenye skrini ndogo juu ya kaunta. Nikainua macho. Nikaona ule mlango wa chombo ukifunguka na yule nahodha wa nyusi nzito akitoka. Nilisahau nilichofuata pale dukani.

Niliangalia kanda ya kwanza yote nikiwa nimesimama na mkoba begani. Kesho yake nikarudi. Wenzangu kiwandani walipojua, walinitania hadi nikachoka. Ati mwanamke mzima, hana mume, hana mtoto, anakesha roho juu kwa ajili ya katuni. Niliwaambia si katuni. Na niseme ukweli, ukikitazama kile kipindi kwa macho ya utu uzima unaona mambo. Chombo kimetundikwa kwa uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Daktari anatembea kwenye nyota ya mbali akiwa na viatu vya ofisini. Mwamba ni ule ule mmoja, wanaugeuza tu. Niliyaona yote hayo na sikupepesa jicho. Nilijua kila mwamba utatokea wapi, nikawa naungojea, na ulipotokea nilifurahi. Kama huo ni utoto, basi bado sijakua, na sina mpango.

Kilichonishtua ni kitu kingine. Sasa Kiingereza nilikijua. Na kadiri nilivyosikiliza, ndivyo nilivyogundua kwamba baba alikuwa akisema mambo yake na nahodha akisema yake. Nilicheka peke yangu pale kaunta. Nilicheka hadi kanda ya nne, ya mwisho, nahodha aliposhika kipaza sauti.

Hakusema njooni. Alisema ni tupu. Spesi yote ni tupu, hakuna mtu huku, msitutafute. Alikuwa mtu aliyekata tamaa akiaga.

Nilimwomba mwenye duka arudishe nyuma. Akarudisha. Nikamwomba tena. Mara ya tatu akaniangalia, akaniuliza kama kuna msiba. Nilikuwa nimekasirika, sitaficha. Nilijiona nimedanganywa mimi na mtaa mzima. Lakini nilipokuwa nakwenda nyumbani nikalifikiria lile behewa la reli. Behewa likiwa tupu, karani aliandika nini? Aliandika kwamba nafasi iko wazi. Baba alisikia tupu, akasoma chaki. Hasira ikaniisha kabla sijafika mlangoni kwangu, na mahali pake nikapata upendo mwingi hata sikujua niufanyie nini. Nikaamua siri hiyo nitakufa nayo.

Mwenye duka alinipa kanda zote nne. "Chukua tu, sista," alisema. "Hakuna anayezikodi. Zinakula nafasi bure."

Kosa langu lilikuwa kuzipeleka kwa kaka. Sikuwa na deki, yeye alikuwa nayo, na nilitaka baba azione. Jumapili moja baada ya kanisa tulikutana Buru Buru: baba, mimi, kaka na mke wake, na wageni wanne wa kaka kutoka benki na familia zao. Mwaka huo reli ilikuwa imempiga baba kalamu pamoja na wenzake wengi, na alikuja amevaa lile koti la kazi aliloruhusiwa kubaki nalo. Kanda ikaanza. Baba akauona mlango wa chombo, akatabasamu, akainuka kwenye kochi bila kufikiri, akaenda akaweka mkono juu ya ile televisheni ya rangi.

"Watu hawa," akasema kwa ile sauti yake ya ukumbini, "wameondoka kwao kwenda kutafuta nafasi."

Mgeni mmoja alicheka. Hakucheka kwa ubaya, nadhani alidhani ni mzaha. Wengine wakamfuata. Na kaka, badala ya kunyamaza, akaona haya, na haya ikamtoa akili.

"Mzee, spesi ni anga," akasema. "Anga. Hakuna mahali wamesema nafasi. Ulitudanganya watu wote wa Kaloleni miaka yote hiyo, bana." Akacheka na yeye.

Baba aliondoa mkono kwenye televisheni. Aliipangusa kwa mkono wa koti, pale alipokuwa ameishika, kisha akarudi kukaa. Nilisimama nikamtolea kaka uvivu mbele ya wageni wake, na maneno niliyosema siyarudii hapa kwa sababu kulikuwa na watoto. Haikusaidia kitu. Baba aliomba kuondoka kabla chai haijaletwa.

Njiani aliniuliza swali moja. "Watu walikuwa wananicheka?"

"Hapana, baba. Hakuna aliyejua."

"Wewe ulijua?"

Nilikuwa nimejua kwa wiki tatu. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu akakuelewa vibaya.

Baada ya hapo alifyata ulimi. Nilikwenda Kaloleni kila Jumamosi nikamkuta amekaa ndani, mlango umerudishwa. Wazee wenzake wakimsalimu nafasi ipo, alijibu habari, basi. Mtu aliyekuwa akitafsiri barua za mtaa mzima, mtu ambaye watu walimletea hata karatasi za hospitali, sasa alisema yeye Kiingereza hakijui, watafute waliosoma. Reli ilikuwa imemnyang'anya kazi akavumilia. Kaka yangu alikuwa amemnyang'anya maneno, na hayo hakuyavumilia. Niliogopa atakufa hivyo, amenyamaza, akidhani maisha yake yote alikuwa kichekesho. Nikasema hapana. Hata kwa dawa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Buru Buru asubuhi. Kaka alikuwa ametoka na gari. Wifi yangu alifungua mlango.

"Nimekuja kuchukua deki, naipeleka ukumbini Kaloleni kwa ajili ya baba," nikamwambia.

Aliniangalia kidogo, akaniita ndani, akaanza kuchomoa nyaya yeye mwenyewe. "Beba," akasema, akiifunga kwa shuka. "Nilimwambia Jumapili ile ile aende akaombe msamaha. Akaniambia ukweli hauombewi msamaha. Mwambie akitaka deki yake aifuate Kaloleni."

Nilimwambia amwambie yeye mwenyewe. Tukacheka, na nikaondoka nimeikumbatia ile deki.

Ukumbi ulikuwa bado upo, rangi imebanduka, na televisheni ilikuwa mpya kidogo kuliko ile ya zamani, ila sanduku la mbao lilikuwa lile lile. Mama wa maandazi, ambaye sasa alikuwa mzee na bado anauza maandazi, alipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Saa tisa alasiri mabenchi yalijaa: wajane wa reli, vibarua waliozeeka, na watoto wao waliokuwa watu wazima kama mimi. Baba alikataa kuja. Mama wa maandazi akaenda kumwambia kwamba benchi moja limevunjika mguu na hakuna mwanamume wa kuliinua. Hakuna benchi lililokuwa limevunjika. Baba alipofika akaliona hilo, akakunja uso, lakini hakuondoka. Alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Niliweka kanda ya mwisho. Kisha nikaenda mbele, nikaweka mkono juu ya sanduku. Sauti ilinitoka nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Watu hawa wameondoka kwao kwenda kutafuta nafasi."

"Sauti," mzee mmoja akaita. Nikarudia kwa nguvu. Nikatafsiri kila kitu kwa Kiswahili cha baba. Walipoona uzi, walicheka wenyewe, na mtu akasema, kumbe ndiyo maana hawaanguki. Sikuwa mkalimani mzuri. Nilichelewa, nilijikwaa, nilisahau daktari alisema nini. Kila nilipojikwaa nilitupa jicho benchi la mwisho. Baba alikuwa akitazama sakafu, lakini midomo yake ilikuwa ikicheza.

Chombo kikaharibika. Wenzake wakalazwa. Nahodha akabaki peke yake mbele ya kioo, akashika kipaza sauti, akasema maneno yake. Na mimi nikabonyeza kitufe, picha ikasimama, mdomo wake wazi, mistari ikitetemeka juu ya uso. Nikaondoa mkono kwenye sanduku. Sikutafsiri.

Ukumbi ukangoja. Wote walilijua jibu, wote walikuwa wamelibeba miaka ishirini. Mama wa maandazi akageuka nyuma.

"Mzee," akasema, "anasemaje?"

Aliyejibu alikuwa mlangoni. Kaka yangu alikuwa amefuata deki yake, amesimama pale na funguo za gari mkononi, na sijui amesimama kwa muda gani.

"Anasema anga ni tupu," kaka akasema. Alisema polepole, bila kejeli. Nadhani alidhani anasaidia.

Baba akainua kichwa, akamgeukia mwanawe. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nilisikia ile sauti.

"Wewe umesoma," akasema. "Neno unalijua. Basi niambie. Mahali pakiwa patupu, hapana mtu, hapana mzigo, panaitwaje?"

Kaka akazigeuza funguo mkononi.

"Nilipoteremka stesheni ya mji huu na kitanda changu kichwani, nikawa nauliza kila mlango kama kuna mahali patupu pa kulala, nilikuwa nauliza anga?"

Watu wakacheka, na safari hii baba aliwaacha wacheke. Akainuka. Alipita katikati ya mabenchi polepole, akiwa ndani ya lile koti la reli, na nikampisha. Akaweka mkono juu ya sanduku, akamtazama yule nahodha mwenye mdomo wazi kwa muda, akatugeukia.

"Nahodha anasema ni tupu," akasema. "Nilimsikia hata siku ile, mimi si kiziwi. Nikawatazama ninyi mmekaa hapo, na watoto wenu, na wangu wawili. Nikatafsiri vile mnavyojua. Anasema nafasi ziko wazi."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja mbele alivua kofia. Mimi nilikuwa nalia na sikujifuta.

Kaka yangu alikuwa bado mlangoni, funguo mkononi, mtu wa benki asiyejua aingie au atoke. Mama wa maandazi akajisogeza kwenye benchi, akapigapiga mbao kando yake kwa kiganja.

"Ingia ukae," akamwambia. "Nafasi ipo."